Gari kuchemsha katika safari za kusaka vikasha: maswali na majibu

Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Magadi huteremka kutoka nyanda za zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 600. Jumamosi asubuhi wasaka vikasha vilivyofichwa, wakiongozwa na GPS, huteremka bila taabu. Magari huchemsha wakati wa kurudi.

Fundi ametoa themostati akisema magari ya nchi za joto hayaihitaji. Ni kweli?

Si kweli, na uvumi huu umeharibu injini nyingi zilizokuwa nzima. Themostati ni mlango wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, mlango hujifunga na maji huzunguka ndani ya injini tu. Yakifika nyuzi 82 hivi, katika magari mengi ya Kijapani, nta huyeyuka na kutanuka, mlango ukafunguka, maji yakaenda kwenye rejeta. Injini imeundwa kufanya kazi katika joto hilo, iwe Lodwar au Limuru.

Bila themostati, gari linaloteremka hubaki baridi. Kompyuta yake huchukulia kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, hivyo huongeza petroli. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu usiokauka huigeuza oili kuwa tope.

Kupanda ni kubaya zaidi. Katika injini nyingi, themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi ilikotoka bila kupozwa. Ndiyo maana gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huweza kuchemsha mlimani. Na chanzo chenyewe hakijaguswa: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka au kifuniko cha rejeta kisichobana.

Kuipima themostati hakuhitaji gereji. Huwekwa kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto jikoni. Ikianza kufunguka kabla maji hayajatokota, ni nzima. Isipofunguka, inunuliwe nyingine.

Gari likichemsha, kifuniko cha rejeta kifunguliwe mara moja?

Hapana, mvuke unaofumka huunguza uso. Injini izimwe na iachwe ipoe kabisa.

Maji ya bomba, ya kisima, ya mto, hata ya Magadi: yapi yanafaa?

Barua kadhaa zinauliza hili, na jibu ni moja: maji matupu ni ya dharura tu. Nairobi maji hutokota karibu nyuzi 94. Kifuniko kizima hushika shinikizo na kupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi; kulanti huongeza kidogo na, muhimu zaidi, huzuia kutu. Nusu kulanti, nusu maji safi yasiyo na chumvi hutosha. Maji ya Magadi yana magadi, nayo hula alumini, na rejeta nyingi za leo ni za alumini. Jerikeni ya maji safi ibebwe kutoka nyumbani.

Je, yai au binzari huziba rejeta inayovuja?

Huziba kila kitu, pamoja na vijia vyembamba ambamo maji hupita. Rejeta inayovuja hupelekwa kwa fundi wa rejeta kabla ya safari.

GPS inaonyesha kikasha kiko mita 300. Gari dogo likatize kwenye nyasi hadi hapo?

Lisikatize. GPS hupima mstari ulionyooka. Korongo lililo katikati haionyeshi. Mbegu za nyasi hunasa kwenye mapezi ya rejeta na kuzuia hewa, na nyasi kavu zikigusa ekzosi ya moto huweza kushika moto chini ya gari. Gari liegeshwe kwenye ardhi tupu, na mita zilizobaki ziendewe kwa miguu.