Petro aliingia majini mara mbili



Mimi ni mtoto wa milimani. Nimekulia Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na kabichi. Ukisimama Irente unaona tambarare mpaka macho yachoke, ila bahari hapana. Ukubwani ndiyo nikajua kwamba maji yanayoporomoka pale Soni yanaingia mto Mkomazi, Mkomazi unaingia Pangani, na Pangani unamwaga Bahari ya Hindi. Yaani maji ya kwetu yalishafika pwani zamani, mimi bado.

Mwezi wa saba niliacha seminari baada ya miaka mitatu. Hakuna aliyenifukuza, walezi na mimi tuliona siyo njia yangu. Ugumu ulikuwa nyumbani. Jumuiya yetu ndogondogo ilinichangia godoro na sanduku la bati wakati naondoka, na sasa kila Jumapili nje ya kanisa ni swali lile lile: "Frateri, likizo inaisha lini?" Nilikuwa najibu "bado bado." Jumapili ya nne sikwenda Misa. Ya tano pia.

Mama aliona. Akanituma kwa shangazi Ushongo, kusini ya mto Pangani, "ukapumzike kidogo." Mchanga mrefu, minazi, na siku za kazi unaweza kutembea nusu saa usikutane na mtu. Mtoto wa mwisho wa shangazi, miaka kumi na miwili, ndiye aliyenifundisha kupanda mawimbi. Siyo kusimama kama kwenye video, jamani. Unalala kifudifudi juu ya kipande cha ubao wa mtumbwi mkuukuu, wimbi linakubeba hadi ufukweni.

Wimbi linavunjika kwa sababu chini panakuwa pafupi: miguu yake inachelewa kwenye mchanga, kichwa kinatangulia, linaanguka. Chini pakiinuka ghafla, linaanguka kwa kishindo. Pale mchanga unainuka polepole, basi wimbi linaporomoka taratibu, povu tupu. Hata hivyo nilikunywa maji ya chumvi mengi kuliko chai. Nilikuwa najirusha mapema mno, au nasita, likanipita. (Na ukiona maji yanakuvuta kwenda ndani, usishindane nayo. Ogelea pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mkondo. Hili dogo alinirudishia mara tatu.)

Kila nikianguka nilikuwa nageuka kutazama nchi kavu. Mwishowe akaniuliza, "Kaka, unamtafuta nani? Hapa nani anakuona?"

Sikumjibu. Usiku nilifungua Injili kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Mt 14:22-33 sote tunaijua: Petro anatembea juu ya maji, anauona upepo, anaogopa, anazama. Nilichokuwa sijakitazama ni wale waliobaki chomboni. Walimwona akizama, wote. Na kesho yake alilazimika kula nao.

Kisha nikasoma Yohane 21. Hapo Petro ana jambo zito kuliko kuzama: amemkana Bwana mara tatu. Yupo chomboni na wenzake, wanasikia kwamba aliye ufukweni ni Bwana. Safari ile ya kwanza Petro aliomba kwanza aamriwe kuja. Safari hii haombi chochote. Anajifunga vazi lake na kujitupa majini, na ufukwe uko kama dhiraa mia mbili, karibu mita mia hivi. Wala hatembei juu ya maji. Anafika kwa Bwana nguo zikichuruzika, na wenzake wanafika nyuma yake na chombo na samaki. Kwa maoni yangu safari hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza, ingawa haina muujiza wa kutembea. Zisome zote mbili kwa mfuatano, jioni moja, halafu jiulize wewe sasa hivi uko kwenye ipi.

Jumapili nilivuka kwa kivuko kwenda Misa Pangani mjini, ambako hakuna anayenijua. Nilikaa benchi la nyuma. Nikaungama pia, na sikuona haja ya maneno mengi.

Wiki mbili baadaye nikarudi Lushoto. Baada ya Misa, nje pale pale, bibi mmoja wa jumuiya yetu, ambaye najua alitoa hela yake ya mboga kwenye ule mchango, akanishika mkono: "Frateri, likizo inaisha lini?"

"Bibi, siyo likizo. Nimeacha. Nimerudi nyumbani."

Alinitazama kidogo. Jumuiya ilikuwa na kikao chini ya mti, na mabenchi yalikuwa bado ndani.

"Haya mjukuu wangu," akasema, "shika huku, tulitoe hili benchi."