Kumpima Anayetaka Kuwa Mwendesha Mashtaka

Baadhi ya ndugu zetu waliohamia Marekani na kupata uraia huko wametuuliza swali. Waletewapo karatasi ya kura huona juu yake majina ya watu wanaotaka kuwa mwendesha mashtaka wa wilaya, nao hawajui wawapime kwa kipimo gani. Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Kwanza yapasa ijulikane kwamba desturi za nchi katika jambo hili hazilingani. Kwetu Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, hutumika miaka 8, wala hateuliwi tena. Ama Marekani, karibu majimbo yote, isipokuwa machache kama Alaska, Connecticut na New Jersey, huwachagua kwa kura za watu, na aghalabu kwa miaka 4. Kwa hivyo dhuluma ikitendeka katika ofisi hiyo, mpiga kura naye ana fungu lake.

Wengi hudhani kwamba mwenye nguvu mahakamani ni hakimu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba katika kila hukumu 100 za hatia katika mahakama za majimbo, 94 hutokana na mshtakiwa kukiri mwenyewe, bila ya kesi kusikizwa. Kukiri huko hutanguliwa na mapatano, na mwenye kuweka masharti ni mwendesha mashtaka. Tazama kisa cha mtu wa Kentucky aliyeshtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Aliambiwa: kiri, nasi tutaomba ufungwe miaka 5, ukikataa, tutakushtaki kwa sheria ya wenye kurudia makosa, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Naye alikuwa na makosa mawili ya nyuma. Akakataa, akafungwa maisha. Shauri likafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema kwamba Katiba haikuvunjwa. Zingatia, ndugu msomaji: hundi ni ile ile, na mtu ni yule yule, kilichogeuza miaka 5 kuwa umri mzima ni kalamu ya mwendesha mashtaka.

Basi mgombea asiulizwe kama yeye ni mkali au mpole. Hayo ni maneno ya jukwaani, na kila mtu huyavaa apendavyo. Aulizwe: Je, utamwongezea mtu mashtaka kwa sababu tu amedai kesi yake isikizwe? Na wasaidizi wako utawaandikia amri gani juu ya hilo?

Kisha aulizwe habari za ushahidi. Tangu mwaka 1963 mwendesha mashtaka wa Marekani analazimika kumpa mshtakiwa ushahidi muhimu unaomfaa. Lakini huko New Orleans, mwaka 1985, mtu mmoja alitiwa hatiani kwa jaribio la unyang'anyi, kisha kwa mauaji, akahukumiwa kifo, hali ofisi ya mashtaka ina karatasi ya uchunguzi iliyoonyesha kwamba damu ya mnyang'anyi si ya kundi lake. Karatasi hiyo haikuonekana ila mwaka 1999, zikisalia wiki chache auawe. Mwaka 2003 kesi ya mauaji iliporudiwa, akaachiliwa, baada ya miaka 18 kifungoni. Raia waliokaa kuamua madai yake walimpa fidia ya dola milioni 14. Mahakama ya Juu ikaifuta mwaka 2011. Tena tangu mwaka 1976 aliyedhulumiwa hawezi kumdai fidia mwendesha mashtaka mwenyewe kwa alilolitenda katika kuendesha kesi. Ikiwa mlango wa mahakama umefungwa hivyo, karibu hakuna pa kumwajibishia ila penye kura. Aulizwe basi kama ataweka watu wa kuzichunguza upya hukumu za zamani, kama alivyofanya Craig Watkins huko Dallas mwaka 2007.

Katika dhamana kuna mfano wa Philadelphia. Mwaka 2018 Larry Krasner aliamuru ofisi yake isiombe dhamana ya fedha kwa aina 25 za makosa madogo. Wataalamu wawili waliochunguza hawakuona kwamba watu walizidi kukosa kufika mahakamani wala kurudia makosa. Hata hivyo, jina la mrekebishaji pekee halitoshi. Aliyeuliwa mwanawe naye ana haki yake, na mgombea asiyekuwa na neno la kumwambia huyo hafai. San Francisco walimwondoa Chesa Boudin kwa kura mwaka 2022, na Los Angeles wakamwacha George Gascón mwaka 2024; kila mwenye kutaka marekebisho na ayasome hayo kwa makini, asiseme tu kwamba watu wamedanganywa. Mgombea aahidi kuchapisha hesabu kila mwaka: kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefutwa, na za mauaji zimefika wapi.

Jambo la mwisho ni wakati. Katika miji mingi chama kimoja kina wafuasi wengi mno, na shauri huamuliwa katika kura ya mchujo. Huko Philadelphia kura hiyo hupigwa mwezi wa Mei. Kwa hivyo maswali haya yaulizwe kabla ya Mei, si Novemba.