Kukereza Bakuli kwa Nundu ya Mti

Nundu na mahali pake

Nundu ni uvimbe unaoota kwenye shina au mzizi wa mti uliojeruhiwa au kushambuliwa na wadudu au kuvu. Ndani yake nyuzi hazifuati upande mmoja. Hujisokota na kuzunguka vijicho vidogo vya machipukizi yaliyodumaa. Ndiyo sababu bakuli lake huwa na marembo, na ndiyo sababu patasi butu huunyofoa mti badala ya kuukata. Katika miombo ya wilaya za Kibondo na Kasulu mafundi huthamini zaidi mninga, kwa kuwa husinyaa kidogo unapokauka.

Kuipata kihalali

Kukata nundu kwenye mti ulio hai huacha kidonda kipana kinachopitisha kuvu na wadudu, na miti ya miombo ndiyo malisho ya nyuki wa wilaya hizi. Nundu ifaayo ni ya mti ulioangushwa kwa kibali. Uvunaji husimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002: unahitaji leseni, na mzigo husafiri na hati yake. Maelezo hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kwa msitu wa kijiji, hatua ya kwanza ni serikali ya kijiji.

Kukereza mara mbili

Nundu mbichi hukerezwa kwanza kwa umbo la awali. Kipande hufungwa kwa skrubu kwenye bamba la mashine ya kukerezea, huzungushwa kwa mkono kuhakikisha hakigusi egemeo la patasi, kisha mashine huwashwa kwa mwendo mdogo. Kipande cha upana wa sentimita 30 hakizidishwi mizunguko 500 kwa dakika kabla hakijawa duara. Nje hukatwa kutoka kitako kwenda ukingoni. Ndani, kutoka ukingoni kwenda katikati.

Ubavu huachwa mnene, takriban sehemu ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 hubaki na sentimita 2.5. Unene huo huruhusu bakuli kujipinda likikauka na bado likabaki na mti wa kukerezwa tena.

Bakuli hufukiwa katika maranda makavu ndani ya gunia, kivulini, hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba ambapo upepo mkavu hupasua mti upesi. Kila wiki hupimwa kwenye mizani na uzito huandikwa kwa penseli kitakoni. Uzito usiposhuka tena kwa wiki kadhaa, bakuli hurudishwa mashineni, likapunguzwa hadi unene unaotakiwa na kupigwa msasa.

Usalama

Vumbi la mninga huweza kuwasha ngozi na kuchochea pumu, hivyo barakoa na kinga ya uso ni lazima. Glavu, mikono mirefu inayoning'inia na kanga hunaswa na mashine. Fundi husimama kando ya mstari wa kipande mashine inapowashwa, kwa sababu nundu yenye gome au ufa ndani huweza kuruka vipande.

Kumalizia

Mafuta ya kupikia, mawese yakiwemo, hayakauki juu ya mti na huchacha. Nta ya nyuki inafaa zaidi: huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha hupakwa na kusuguliwa kwa kitambaa. Kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, bakuli hilo ni la matunda na karanga, si la uji wa moto.