MAFUNZO YA KIINGEREZA: "WHO", "WHICH" NA MKASI

Mtu asemaye Kiswahili, ajifunzapo Kiingereza, hachelewi kujua kwamba "who" ni la mtu na "which" ni la kitu. Taabu huanza atakapo kuunganisha sentensi mbili ziwe moja. Hapo husema, "The man whom I saw him yesterday is here." Huo si uvivu. Lugha yake ndiyo iliyomfundisha hivyo, kwa maana ndani ya "niliyemwona" mna "ye" ya kuunganisha, na tena mna "mw" ya yule aliyeonekana, na zote mbili hukaa pamoja kwa amani. Kiingereza hakikubali: likiingia "whom", "him" hutoka.

Kuikariri kanuni hiyo mara kumi hakufai kama kumpa mwanafunzi mkasi. Mwalimu na aandike sentensi mbili katika vipande viwili vya karatasi: "The man is here" na "I saw him yesterday." Nyuma ya neno "him" aandike "whom". Mwanafunzi alikate neno hilo, aligeuze, aliweke mbele ya "I saw", kisha akipachike kipande chote baada ya "The man". Ataona kwa macho yake kwamba ni neno lile lile lililohama, na mahali lilipotoka pamebaki pengo. Vivyo hivyo nyuma ya "his" huandikwa "whose", na yule aliyezoea kusema "the man who his bicycle was stolen" atapona.

Watoto wadogo watungiwe vitendawili: "It is a thing which has teeth but does not bite." Atakayejibu kuwa ni chanuo atunge chake. Wakifika kwenye wanyama waangaliwe, kwa sababu Kiswahili husema "ng'ombe aliyepotea" kama mtu, lakini Kiingereza kwa kawaida husema "the cow which was lost".

Wakubwa wana jambo zito zaidi, nalo ni mkato. "The workers who came late were not paid" maana yake ni kwamba waliochelewa tu ndio waliokosa mshahara. Tia mikato miwili, "The workers, who came late, were not paid", na sasa wote walichelewa, na wote wamekosa. Karani asiyejua tofauti hiyo aweza kuzusha ugomvi kwa tangazo la mstari mmoja. Basi wanafunzi sita wasimame wawe wafanyakazi, wawili kati yao wakiwa wamechelewa. Mwalimu asome sentensi ya kwanza bila kutua, na wale wawili watoke mstarini. Asome ya pili akitua penye mikato, na watoke wote sita, hata wale wanne walioitwa wachelewaji bure. Watanung'unika, na ni vema wanung'unike. Neno "that" lisitumiwe katika sentensi hii ya pili. Mahali pake ni katika ile isiyo na mikato.