Vizibo vya Chupa na Makovu ya Yesu



Leo twende kwanza kwenye maonyesho ya sanaa, halafu turudi kwenye Injili. Kati ya Oktoba 2023 na Aprili 2024, jumba la Tate Modern mjini London lilitundika kazi ya El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Ukiingia ukumbini ulikutana na pazia kubwa jekundu, limefura kama tanga la jahazi. Kwa mbali ungesema ni kitambaa cha kifalme. Ukisogea, kumbe ni vizibo! Vizibo vya chupa za pombe kali, maelfu kwa maelfu, vimepondwa, vimekunjwa na kuunganishwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba. Yaani takataka tunazozikanyaga nje ya baa.

Kwa nini vizibo vya pombe? Kwa sababu pombe ya Wazungu ilikuwa moja ya bidhaa zilizobadilishwa na watumwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Na Anatsui hakufunika kitu. Rangi ni zile zile za vizibo, na majina ya pombe bado unayasoma.

Hapa naomba tukae kidogo. Wengi wetu tunatoka kwenye kitubio tukitaka maisha ya zamani yawe kama hayakuwepo. Mtu ameacha pombe, ameacha mahusiano yale, ameacha picha alizokuwa akiangalia usiku kwenye simu. Ameungama, amesamehewa kweli. Lakini kumbukumbu ikirudi anajiambia, "Labda Mungu hakunisamehe." Wengine huacha hata kukomunika.

Fungua Yohana 20:19-29. Yesu amefufuka, milango imefungwa, naye yumo ndani. Aliyeshinda kifo angeshindwa kufuta alama za misumari? Hakuzifuta. Anawaonyesha wanafunzi, na kwa alama hizo hizo Tomaso anamkiri. (Sisemi dhambi ni nzuri, jamani! Yeye hakutenda dhambi. Alama zile ni za dhambi zetu sisi.)

Kwa wiki hii: soma sehemu hiyo mara mbili, polepole. Kisha andika kwenye karatasi jambo moja ulilokwisha kuungama ambalo bado linakusumbua. Usimwonyeshe mtu. Siku ya kuabudu Ekaristi, nenda nalo mfukoni, ukae nalo mbele ya Yesu.