Mluzi Ndani ya Spika za Gari: Tuanze na Waya Kabla ya Kununua



Hapa Burat gari la kikundi si la kubeba nyanya na vitunguu kwenda Isiolo mjini peke yake. Ndilo hufungwa vipaza sauti tukitangaza mkutano au chanjo ya mbuzi. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilizungusha tangazo la chanjo, lakini watu wakasikia mluzi tu, wiiii! Siku ilipofika, akina mama kadhaa hawakuleta mifugo. Wakachanga, wakanunua amplifaya mpya. Mluzi ukabaki palepale.

Tulipokaa nao tuliuliza swali moja: mkizima injini na kuacha redio, kelele inakwisha? Ndiyo, inakwisha. Na mkikanyaga mafuta? Mluzi unapanda. Basi hapo chanzo ni olternata, ile inayochaji betri, kwa sababu umeme wake una mawimbi madogo. Kama mngesikia tiki-tiki inayokimbia na injini, tungetazama plagi na waya zake. Lakini gari la dizeli halina plagi za cheche, kwa hiyo msipoteze siku huko.

Umeme huo unapitia wapi hadi kwenye spika? Zimeni amplifaya, chomoeni waya za sauti zinazotoka kwenye redio, halafu washeni tena na injini ikiwa inanguruma. Kelele ikibaki, tatizo ni waya za umeme za amplifaya au athi yake. Ikinyamaza, inaingia kupitia redio au waya za sauti. Tazameni kama waya hizo zimelazwa bega kwa bega na waya nene ya betri. Zitenganisheni, moja upande huu wa gari, nyingine ule. Kama inasikika kwenye stesheni za redio tu, na kaseti au flashi iko safi, kagueni eriali.

Kwao kelele ilibaki. Tukafuata waya ya athi: ilikuwa imefungwa juu ya rangi ya bodi, na vumbi limejaa. Rangi haipitishi umeme vizuri! Kwanza tulitoa waya ya hasi kwenye betri (jamani, hili msilisahau), tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza bolti, tukapaka grisi juu kuzuia kutu. Waya ya athi iwe nene na fupi. Mluzi ulikwisha, bila shilingi ya ziada.

Simu nayo ina mambo yake. Ikipiga muziki kwenye redio huku inachajiwa kwenye gari lilelile, mara nyingi huvuma. Chomoeni chaja kwanza kabla ya kumlaumu fundi.

Fyuzi ikikatika, msiweke kipande cha waya mahali pake. Gari linaweza kuungua.

Mkiwa mmekagua yote na mluzi bado upo, fundi apime olternata. Injini ikinguruma, betri ya volti 12 kwa kawaida husoma kama 13.8 hadi 14.4. Dayodi moja ya ndani ikifa, mawimbi huongezeka, na kuifungua si kazi ya kujaribia chini ya mgunga.