Namna ya Kutunga Mchezo wa Wachumba wa Uongo

Watu wa Songea tumezoea kuuona mji wetu jukwaani katika sura ya huzuni, maana tangu Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, mtu akitaja kusini na maigizo kwa pamoja, fikira zake huenda kwenye vita vya Majimaji na kwa mashujaa walionyongwa hapa tarehe 27 Februari, 1906. Taadhima hiyo ni haki yao. Walakini vijana ninaowatungia michezo yenye nyimbo, huku Mfaranyaki, walitaka kitu cha kuchekesha, nami nikawatungia kisa cha kijana asiyebanduka kwenye kibanda cha gemu na binti mwimbaji wa kikundi cha maigizo, wanaojifanya wachumba.

Anza na sababu ya uongo, wala usiende mbele kabla haijasimama. Katika filamu za Marekani vijana hujifanya wapenzi ili fulani aone wivu. Hapa kwetu, ambako mwanafunzi akishukiwa mapenzi huitiwa mzazi, hila hiyo haiaminiki. Mimi nilikimbilia utani. Maadamu bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", akamdai kanga na sabuni mbele ya kaumu nzima pasipo mtu kushangaa, ndoa ya maneno tunayo tayari majumbani, na hadhira inazijua kanuni zake. Basi binti wangu, aliyechoshwa na vijana wanaomfuata stendi, anamshika mkono mcheza gemu apitaye zake na kusema, "Mume wangu huyu". Naye, kwa kuwa amefungwa katika gemu la mpira na adhabu waliyomwekea wenziwe ni kuimba jukwaani, anaukubali uongo ule kwa sharti la kufundishwa sauti.

Gemu ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwani hadhira haiwezi kuona kioo kidogo kilichogeuziwa wachezaji, na mchezo usioonekana hauna ladha. Dawa yake ni kuiondoa runinga kabisa: waketishe wachezaji kwenye benchi, pedi mikononi, nyuso zao zikiielekea hadhira kana kwamba hadhira yenyewe ndiyo runinga, huku waitikiaji wakiutangaza mpira kwa wimbo. Faida yake kubwa huja baadaye, binti anapoketi kando ya mcheza gemu kujifunza kushika pedi. Macho ya kijana, ambayo tangu mwanzo hayakupepesa, yanaanza kuteleza upande, na ukumbi mzima unajua habari za huba hiyo kabla ya mwenyewe kujua.

Nyimbo za mapatano usizitafute mbali. Mathias Mnyampala alikwisha kutuachia ngonjera, mashairi ya wawili wanaobishana ambao aghalabu huanza kwa kupingana na kumaliza kwa kuafikiana, na sijui umbo jingine lifaalo zaidi kwa wachumba wanaogombana juu ya uchumba usiokuwapo. Pale ugomvi unapochemka, ingiza lizombe, ngoma ya Wangoni, ili miguu imalize maneno. (Kama ukumbi wako umeezekwa bati bila ya dari, ngoja masika yapite, mvua ya Songea haimpishi mwimbaji.)

Mwishoni usiwakumbatishe. Wazazi wamekaa safu ya mbele, na vijana wenyewe wataona haya wakaharibu wimbo. Mimi nilimwacha kijana akiri mbele ya watu kwamba sharti limekwisha, sauti ameipata, walakini hataki kuondoka. Na kabla binti hajajibu, bibi yake kijana anaingia na mkongojo, akidai kwamba mke mkubwa ni yeye, na kwamba huyo mdogo hajaja kumpigia hodi. Sehemu hiyo mpe mwigizaji wako hodari kuliko wote, mwenye sauti ya kushinda vicheko, maana hapo ndipo binti anapopiga magoti na kumwamkia mke mwenzake, na jibu lake ndilo hilo.